Maswali ya wasomaji: Nirudi kanisani na uso gani?

Wapendwa, mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinazunguka palepale, mtu aliyetoka kundini, au mtu anayemlilia aliyetoka, au mtu aliyekereka kwamba aliyetoka anapokelewa kirahisi. Nimechukua tatu. Majina nimeficha na sehemu nyingine nimepunguza, maana kuna mmoja kaniandikia kurasa sita na zote ana haki nazo lakini nafasi ndio hii.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe mwinjilisti. Mi ni kijana wa miaka 31 niko Mbagala nauza chips. Zamani nilikua mwalimu wa kwaya ya vijana, hadi wazee walikua wananiita mwalimu. Alafu nikaingia kwenye kubeti, mwanzo mia tano mia tano tu, baadae nikashika hela ya sare za kwaya laki 4 na elfu 80 nikasema ntairudisha jumapili timu ikishinda, timu haikushinda. Nikapotea. Toka hapo nimeokoka mara tatu, ya kwanza kwenye mkutano wa injili uwanjani, ya pili pasaka, ya tatu hata sikumbuki vizuri ila nililia sana, na zote nimeanguka, ya mwisho haikumaliza mwezi. Sasa banda langu liko ng'ambo ya barabara na kanisa lilelile, nililipata kwa bei rahisi sikufikiria, na jumapili nasikia kwaya yangu wanaimba, sauti ya tatu wanashuka, wanashuka kila wiki palepale, najikuta naimba mimi huku nageuza viazi. Swali langu, Mungu hachoki? Hakuna mahali anasema huyu basi imetosha? Na nikirudi nirudi na uso gani? – *Mwalimu wa zamani*

JIBU: Amina mwalimu. Nakuita mwalimu kwa makusudi kabisa, mtu anayesikia sauti ya tatu ikishuka kutoka ng'ambo ya barabara, katikati ya kelele za mafuta na bodaboda, bado ni mwalimu.

Najua unategemea nianze na mwana mpotevu. Leo sianzi naye, umeshahubiriwa mpaka umemzoea, na atakuja huko chini akiwa na kaka yake. Wewe nataka nikupeleke kwa Hosea.

Hosea alikua nabii kule kaskazini, Israeli, karne ya 8 kabla ya Kristo, kabla Waashuru hawajaiangusha Samaria mwaka 722. Mungu anamwambia nenda kaoe mwanamke ambaye mtaa mzima unajua habari zake. Akamuoa Gomeri binti Diblaimu, wakapata watoto watatu, na majina waliyopewa yanatisha, wa pili anaitwa Lo-ruhama, yaani asiyehurumiwa, wa mwisho Lo-ami, si watu wangu. Hebu fikiria jioni unamwita mtoto aje kula, we Si-watu-wangu, njoo ugali unapoa. Alafu mama akaondoka akafuata wapenzi akidhani wao ndio wanaomlisha, na sura ya 2 Mungu analalamika kama mtu kabisa, anasema hakujua kwamba nafaka ile na divai na mafuta ni mimi nilikua nampa. Hapo wewe si unajiona? Hata sauti uliyokua unaimbia na kufundishia hukuinunua popote.

Sasa twende sura ya 3 mstari wa 2, ambao wahubiri wengi tunaupita mbio kwa sababu unafanana na risiti. Hosea anatumwa akampende tena yule mwanamke (sura hiyo haimtaji jina, ila wengi tunaelewa ni Gomeri huyohuyo) na anamkuta mahali ambapo inabidi amlipie ndio amtoe. Bei imeandikwa: vipande 15 vya fedha, na homeri moja na nusu ya shayiri. Mi nimekaa na hiyo hesabu miaka. Kwa nini hela na nafaka juu? Kitabu cha Kutoka sura ya 21 fidia ya mtumwa ni shekeli 30, na wasomi wengi wanaona Hosea alilipa karibu kiasi hichohicho, nusu taslimu, nusu shayiri. Maana yake nini, maana yake mwanaume alihesabu hela ikagoma kutosha akaenda ghalani. Shayiri, chakula cha maskini na punda, zaidi ya madebe 10 ukipima kwa madebe yetu. Mi namuona njiani na huo mzigo umeinama upande mmoja, jirani anamuuliza hiyo nafaka vipi unauza? Anasema hapana, naenda kumnunua mke wangu. Mke wake mwenyewe! Wa ndoa!

Ndio nakujibu swali la kwanza hivyo. Hachoki, na ikipungua hela anaongeza shayiri. Kuumia anaumia, usije ukadhani Mungu ana ngozi ya kiboko, sura ya 11 anaongea kama baba aliyemshika mtoto mikono akamfundisha kutembea, na yule mtoto akajua kutembea akatembea kwenda mbali, na bado anasema nitakuachaje Efraimu (ndio Israeli hiyohiyo), moyo wangu umegeuka ndani yangu. Kuanguka kwako kwa mara ya nne hakumshangazi, sema wewe ndio unajishangaa kila mara kwa sababu kila mara uliahidi.

(Naomba nitoke nje ya mada kidogo. Asije mtu akachukua Hosea akaenda nae kwa mama anayepigwa ndani ya nyumba akamwambia vumilia kama nabii. Hosea ni habari ya Mungu na watu wake. Mama anayepigwa atoke hapo kwanza akiwa mzima, mengine baadae.)

Swali la uso gani. Hili ni la Petro, na wewe ni mtu wa mkaa utalielewa kuliko hata mimi. Usiku ule Petro anamkana Bwana, Yohana sura ya 18 anasema watumishi walikua wamewasha moto wa makaa kwa sababu ya baridi, Petro kasimama anaota moto nao. Hapo ndipo aliposema simjui. Baadae sura ya 21, asubuhi kwenye ziwa, wametoka kuvua usiku kucha wamekuta patupu, mtu yuko ufukweni anawaambia tupeni upande wa kuume, wanapata samaki 153, wanafika nchi kavu na wanakuta nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Hilo neno la Kigiriki la moto wa makaa katika Agano Jipya lote liko sehemu hizo mbili tu. Wewe unajua harufu ya mkaa inavyoganda kwenye nguo, Petro pua yake ilijua ni moto gani ule kabla akili haijafika. Na Yesu hakuanza na kesi. Alisema njoni mfungue kinywa. Akawalisha kwanza. Ndio baada ya chakula akamuuliza mara tatu, wanipenda? Hakumuuliza ulikua unafikiria nini usiku ule, wala hakumwambia ahidi hutarudia. Na kila alipojibu alipewa kazi, lisha kondoo zangu.

Kwa hiyo uso utakaorudi nao ni huohuo wenye moshi wa banda, Petro hakupewa mwingine.

Sasa tuongee na hela, maana nisipoiongea nitakua nakudanganya. Kusamehewa na Mungu hakufuti deni la kwaya. Ile laki 4 na 80 ni ya watu, kuna kina dada walijinyima nauli wakachanga. Nenda kwa mwenyekiti wa kwaya siku ya kazi, isiwe jumapili mbele za watu, nenda na chochote hata elfu 30, sema hii ni ya kwanza, iliyobaki nitaleta kila mwisho wa wiki kiasi fulani, na kiandikwe, na we ubaki na nakala. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Na hiyo beti usiipige vita kwa machozi ya madhabahuni peke yake, ushalia mara tatu. Tafuta mtu mmoja, dada yako au mshkaji asiyebeti, awe anashika hela ya mauzo jioni usilale na salio kwenye simu. Toa hizo programu kwenye simu leo kabla ya mechi ya usiku.

Na mimi nikwambie changu. Nilitengwa ushirika mwaka 1991, tayari nikiwa mwinjilisti, kwa pombe, kwetu mbege iko kila kona na mimi nilikua nayo kila kona. Nikakaa nje miezi minane. Katika miezi hiyo ni mtu mmoja tu aliyekua anakuja kwangu, bibi mmoja muuza ndizi, kila jumamosi akitoka sokoni anapitia, anashusha kapu, anaomba maji ya kunywa, anakunywa polepole, anauliza kuku wametaga, anaondoka. Hakuwahi kunitajia kanisa hata siku moja. Mi nilikua namsubiri anihubirie ili nimjibu, nilikua na majibu makali nimeyaandaa kabisa, hakunipa nafasi. Mwezi wa nane mwenyewe nikamuuliza, bibi, ibada siku hizi inaanza saa ngapi? Akasema ileile mwanangu, saa moja. Akanywa maji yake akaenda.

Mwalimu, ibada ya kwanza kwenu inaanza saa ngapi, si unaisikia kengele.

SWALI: Mwinjilisti, mimi ni mzee wa kanisa hapa Singida mwaka wa 22 sasa. Nasoma majibu yako miaka yote na naona una huruma iliyopitiliza. Huku kwetu vijana wanakunywa, wanazalisha, wanapotea, halafu siku ya kurudi kundini wanasimama mbele wanapigiwa vigelegele na makofi, miezi mitatu wamerudi kulekule. Mapenzi haya ya Mungu ya kila siku karibu tena, si ndio yanawaharibu? Na sisi tulioshika jembe mvua na jua, hakuna aliyewahi kutupigia hata kofi moja. – *Mzee, Singida*

JIBU: Mzee mwenzangu nimecheka hapo kwenye kofi, ila nimecheka kwa uchungu kwa sababu ni kweli. Huwa hatuwashukuru waliobaki. Mtu anafagia kanisa miaka 20 siku akiumwa ndio tunagundua kumbe vumbi lipo.

Nilisema kaka mkubwa atakuja, ndio huyu. Luka 15 anarudi kutoka shamba, anasikia ngoma, anakataa kuingia. Malalamiko yake ni kama barua yako neno kwa neno, miaka mingapi nimekutumikia na hujanipa hata mwana-mbuzi nifurahi na rafiki zangu. Angalia na mdomo wake, hasemi ndugu yangu karudi, anasema huyu mwana wako. Ila kuna kitu watu hawakioni, baba yuleyule aliyemkimbilia mdogo barabarani, jioni hiyohiyo alitoka tena nje akaacha wageni na ndama mezani, akaenda gizani kumbembeleza mkubwa. Katoka mara mbili siku moja. Na Yesu hakusema kama yule kaka aliingia au hakuingia, hadithi imeishia pale mlangoni.

Kuhusu huruma kuwaharibu watu, hilo si swali lako peke yako, kanisa la Afrika lilishagombana nalo mpaka jasho. Mwaka 250 Kaisari Decius aliamuru kila mtu atoe sadaka kwa miungu ya Roma na apewe hati ya kuthibitisha. Baadhi ya hizo hati zimechimbuliwa Misri, karatasi za mafunjo kabisa, na majina ya watu juu yake. Kule Karthago, hiyo Tunisia ya leo, Wakristo wengi sana walipanga foleni wakatoa sadaka, wengine wakahonga wakapata hati bila kutoa. Mateso yakapoa, wakarudi wanagonga mlango. Kundi moja likasema warudi leoleo hakuna shida. Lingine, la Novatian kule Roma, likasema kamwe, mlango umefungwa mpaka kaburini. Askofu wa Karthago alikua Cyprian, na yeye mwenyewe alikua anasemwa kwa sababu wakati wa mateso alijificha, kwa hiyo na yeye alikua na uso wa kurudisha. Mwaka 251 maaskofu wakakaa wakaamua, warudi, lakini kwa toba yenye muda, na aliyehonga hati asipimwe sawa na aliyechoma ubani. Walioambiwa wasubiri hata mpaka kufa, baadae ilipoonekana dhuruma nyingine inakuja, wakaruhusiwa mapema, maana huwezi kumpeleka mtu vitani bila chakula. Mwaka 258 Cyprian akakatwa kichwa kwa ajili ya imani, huyohuyo aliyejificha.

Kwa hiyo mzee, nidhamu ipo, na mimi siifuti, ndio maana yule kijana wa Mbagala nimemwambia arudishe hela. Ninachokataa ni kumrudisha mtu kundini jumapili halafu jumatatu hakuna anayejua anakaa nyumba gani. Tunapiga vigelegele dakika tano tunamuachia shetani siku sita na nusu. Wewe una miaka 22, unajua kila njia ya hapo kijijini. Hao watatu wa mwisho waliorudi, ulishawahi kuingia kwao ukaomba maji?

Na makofi yako nimeshakupigia hapa mezani, mke wangu kaja kuuliza kuna nini.

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mama Mkatoliki wa Bukoba, najua wewe si wa kwetu ila gazeti lako analeta jirani nasoma. Mwanangu wa pekee alikua mtumikiaji wa altare, watu walisema huyu atakua padri. Sasa yuko Dodoma kazini, anasema hayo mambo hayaamini tena, ananijibu kwa mkato. Namtumia neno la Mungu kila asubuhi kwenye simu, naona tiki mbili za bluu basi. Nimesali novena nimechoka. Je niache, nimwachie Mungu? – *Mama wa mmoja*

JIBU: Milele amina mama. Kwa Walutheri na kwa Wakatoliki machozi ya mama yana chumvi ileile, karibu.

Wewe una mtakatifu wako kabisa kwa jambo hili, Monika, nakukumbusha tu. Kijana wake Agostino kazaliwa mwaka 354 kule Thagaste, ni Algeria leo, akili nyingi, akamwacha mama na imani yake akajiunga na Wamanikeo, dini ya wakati ule iliyofundisha vita vya nuru na giza, karibu miaka tisa, akakaa na mwanamke bila ndoa wakapata mtoto. Monika akamfuata askofu mmoja amsihi aongee na kijana. Askofu akasema bado hasikii huyo, mwache tu, umwombee. Mama hakubanduka, analia, anarudia, mpaka askofu akachoka akamwambia nenda zako mama, haiwezekani mwana wa machozi kama haya apotee. Yaani maneno tunayoyanukuu kama utabiri mtakatifu yalisemwa na mtu aliyekua anatafuta namna ya kufunga mlango!

Alafu kijana akamtoroka. Mwaka 383 akiwa Karthago akamdanganya mama kwamba anamsindikiza rafiki bandarini, mama akalala usiku kwenye kanisa dogo la kumbukumbu ya Cyprian, ndio huyohuyo wa kwa mzee wa Singida hapo juu, anasali mwanae asisafiri, na alfajiri meli ikawa imeshaondoka na mwanae ndani. Sala ilikataliwa. Lakini ni huko alikotorokea, Italia, ndiko alikobatizwa, Milano, Pasaka ya mwaka 387, na askofu Ambrose. Monika alishamfuata huko kwa bahari, akaona kwa macho yake, akafariki mwaka huohuo. Kalenda yenu inawaweka jirani, mama tarehe 27 Agosti, mwana tarehe 28.

Siwezi kukuahidi tarehe wala Milano. Kusali usiache. Ila hizo meseji za asubuhi mama, zipumzishe. Zile tiki mbili za bluu zinasema mwanao anafungua, anaona ni mstari, anafunga, na siku ukimtumia salamu ya kawaida atafunga pia kwa mazoea. Maneno yote hayo unayomtumia ameshayashika kichwani toka utotoni akiwa amebeba kengele altareni, hayajafutika.

Msimu wa senene ukifika kaanga za kutosha, jaza kopo moja, lifunge vizuri umpe konda wa basi la Dodoma. Usiweke karatasi ya sala ndani. Akipiga kusema zimefika, muulize tu kama chumvi imekolea.